Morris ya marehemu baba inamaliza betri

Assalaam alaykum, Mzee wetu Fundi,

Nakuandikia kutoka Kikwajuni, Unguja. Nina Morris Minor 1000 ya mwaka 1960 niliyoachiwa na marehemu baba. Aliendea kazini kwa gari hiyo zaidi ya miaka ishirini, na sie watoto ndiyo iliyotupeleka skuli, wanne nyuma na mmoja mapajani kwa mama. Siku hizi kazi yake ni harusi tu. Watu wanaipenda kwa rangi yake ya maziwa na ule mgongo wake wa kobe, na mie napata cha kununulia matairi.

Tatizo ni chaji. Betri niliyoinunua mwaka jana mfungo sita haikufika Ramadhani. Baada ya Idi nikanunua nyingine mpya, na sasa nayo inakohoa. Dalili zake ndizo zinazonichanganya. Mchana, nikifungua swichi taa nyekundu ya chaji inawaka, nikiwasha injini na kukanyaga mafuta kidogo inazimika, kama ilivyo siku zote. Usiku nikiwasha taa kubwa inarudi. Haiwaki sana, inakuwa kama kaa la ubani lililofunikwa na jivu. Nikiongeza mwendo haiondoki, na mara nyingine huzidi kidogo.

Mwezi uliopita ikanitia aibu. Tulikuwa tunampeleka bibi harusi Bububu. Beni, wapiga tarumbeta, walitangulia mbele ya gari mpaka Darajani, kwa hiyo tulikwenda mwendo wa miguu, taa zote zinawaka, honi hainyamazi, na wapwa zangu walikuwa wamezungusha vitaa vya rangi mbele ya gari. Tulipofika Mtoni nikasimama kupisha daladala, injini ikazimika. Nikavuta stata, ikasema "tk", basi. Wanaume na kanzu zao wakashuka kusukuma. Somo wa bibi harusi, ambaye tangu Kikwajuni hakufunga mdomo, hapo aliufunga.

Nimempelekea fundi. Alipima betri asubuhi kabla ya kuwasha akapata volti 12.1. Alipowasha na kukanyaga mafuta kiasi akapata 12.9. Akasema dainamo, ile mashine inayozalisha umeme wa gari, imechoka, tuitoe tufunge altaneta ya Suzuki, anayo tayari. Mtoto wa dada yangu naye alipoona ule waya mnene unaokwenda kwenye bodi umefungwa upande wa jumlisha wa betri, akataka kuigeuza, anasema babu yake alikuwa anaendesha gari iliyofungwa kinyume miaka yote. Nilimzuia, lakini na mie sina hakika. Dainamo niitupe? Na kweli gari hii imefungwa kinyume?

Mwenye Morris, Kikwajuni

* * *

Waalaykum salaam, ndugu yangu.

Nianze na huyo kijana, maana angefanya alilotaka ungekuwa unaniandikia barua nyingine. Babu yake hakukosea. Morris Minor ilitoka kiwandani jumlisha ikiwa kwenye bodi na hasi ndiyo inayosafiri kwenye nyaya. Gari nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 zilifungwa hivyo. Yeye amezaliwa katika zama za gari za Japani, ambazo bodi ni hasi, na hana kosa kushangaa. Ila dainamo ina kumbukumbu. Vile vyuma vya ndani vimebaki na sumaku kidogo, na sumaku hiyo ndiyo inayoamua upande gani wa dainamo uwe jumlisha. Ukiigeuza betri bila kuifundisha dainamo upya, zikija kukutana kwenye katauti, ile swichi inayoziunganisha, zinavutana badala ya kusaidiana, na kinachoungua ni pointi zake, vile vyuma viwili vinavyogusana. Kwa hiyo waya wa bodi ubaki kwenye jumlisha. Chukua rangi nyekundu uandike alama ya + karibu na betri, asije mwengine akakusaidia usipokuwepo.

Sasa taa nyekundu. Barua yako ingekuwa na mistari mitatu tu kuhusu taa hiyo ingenitosha.

Wengi wanadhani taa ile inapima chaji. Haipimi. Ni bulbu ya kawaida yenye nyaya mbili: mmoja unatoka kwenye swichi ya gari, yaani upande wa betri, na wa pili unatoka kwenye dainamo. Bulbu huwaka pale tu pande mbili zinapotofautiana. Injini ikiwa imelala, upande wa betri una volti 12 na upande wa dainamo hauna kitu, ndipo inawaka sawasawa. Injini ikiamka dainamo inapanda mpaka inalingana na betri, bulbu inakosa pa kuwakia. Basi taa yako ikiwa kama kaa la ubani usiku, maana yake pande mbili zimepishana volti moja au mbili, na zinapishana pale tu gari inapodai umeme mwingi.

Nani yuko juu na nani yuko chini? Hapo ndipo mie na fundi wako tunapoachana. Dainamo iliyochoka huwa chini, na ukiongeza mwendo inajitahidi kuifikia betri, kwa hiyo taa ingefifia. Yako unasema inazidi. Hiyo ni dalili kwamba dainamo iko juu, inatoa, lakini inachotoa hakifiki. Unaijua hali ya tangi lililojaa juu ya paa na mfereji unatoa uzi? Hutupi tangi. Unatafuta bomba lilipoziba.

Bomba lenyewe ni fupi. Fungua boneti, tazama kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, utaona kikasha cheusi chenye nyaya kwa chini. Ndicho mafundi wa zamani wanachokiita katauti, ingawa ndani mna vitu viwili: katauti yenyewe, inayoiunganisha dainamo na betri dainamo ikishapata nguvu, na regyuleta, inayoizuia dainamo isipande kupita kiasi. Vituo vyake vina herufi: D na F ni za dainamo, A ni ya betri, A1 ni ya taa na swichi, E ni ya bodi.

Kipimo changu cha kwanza kinataka multimita ya bei rahisi na mtu wa kukanyaga mafuta. Weka multimita kwenye volti 20 za DC. Washa injini, washa taa kubwa, mwambie mwenzako apandishe mwendo mpaka taa nyekundu iwe katika hali yake ya kaa. Ncha moja ya multimita gusa D, nyingine gusa A. Usijali ikikuandikia alama ya kutoa mbele, umegeuza ncha tu. Hapo panatakiwa pawe karibu na sifuri, sehemu ndogo ya volti. Ukisoma volti moja au mbili, umeshamkamata. Pointi za katauti zimechafuka au zimeungua, na kila amperi inayopita inalipa ushuru.

Usiishie hapo, maana sie tunaishi na bahari. Ukiwa bado na taa zinawaka, pima kutoka A mpaka kichwa cha hasi cha betri, kisha kutoka kichwa cha jumlisha mpaka kwenye chuma cha injini. Kote huko unatafuta karibu na sifuri. Gari ya umri huo hapa Mjini, ukifungua skurubu ya waya wa bodi mara nyingi unakuta chini yake pamefanya rangi ya mrututu. Kwa macho waya umefungwa vizuri, kwa umeme umefungwa nusu. Tenganisha betri, fungua, parua mpaka shaba na chuma ving'are, funga, kisha paka vaselini kwa nje. Waya wa E usiusahau. Sumaku inayofunga pointi za katauti inategemea huo, na ukikatika dainamo inaweza kuunguruma siku nzima bila betri kupata kitu.

Tukirudi kwenye pointi. Ondoa waya wa betri kwanza. Hili nalisema kwa herufi kubwa ingawa sijaandika kwa herufi kubwa: ukizigandamiza pointi za katauti kwa kidole betri ikiwa imeungwa, umeme wote unarudi kwenye dainamo na utaona moshi. Toa mfuniko. Utaona jozi mbili za pointi. Zilizoachana wakati injini imelala ni za katauti. Zilizogusana ni za regyuleta. Zako ni zile zilizoachana. Kata kipande chembamba cha msasa laini wa mbao, upitishe katikati, gandamiza kidogo, vuta mara mbili tatu, geuza upande wa pili, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti.

Msasa wa chuma, ule mweusi, usiuguse. Mie niliugusa. Ilikuwa Land Rover ya jamaa wa Chake Chake, Pemba, niliisugua pointi mpaka ikawa kama kioo, nikajisifu barazani. Haikumaliza wiki. Chembe za msasa ule zinang'ang'ania kwenye pointi, umeme unakosa pa kupita, pointi zinachemka. Nilimlipa kikasha kizima na nauli ya boti kwenda na kurudi. Na skurubu za kurekebisha zilizomo ndani ya kikasha usizisogeze, hata ukiona moja imelegea kwa macho yako. Hizo zina vipimo vyake na watu wake.

Ikiwa D na A zimelingana, na hizo nyaya nyengine zote ni safi, ndipo tumshuku aliyeshukiwa na fundi wako. Lakini hata hapo dainamo haihukumiwi kwa kuitazama. Kwanza mkanda wa feni. Katikati ya sehemu yake ndefu usukume kwa kidole, uende kiasi cha inchi moja huku na huku. Ukilegea zaidi unateleza pale dainamo inapobebeshwa mzigo, yaani usiku na taa zinawaka, na mara nyingi unapiga kelele kama paka. Ukikaza sana unaua bushi ya dainamo.

Kisha toa nyaya za D na F kwenye dainamo yenyewe, ziunge zile ncha mbili za dainamo kwa waya mfupi, multimita ncha moja hapo na nyingine kwenye bodi ya dainamo. Washa injini katika mwendo wake wa chini, pandisha taratibu sana. Volti zinatakiwa zipande haraka bila kuyumba, na usiiachie ifike 20, maana hapo hakuna regyuleta ya kuizuia. Ikipanda hivyo, dainamo ni nzima, iombe radhi. Ikikaa kwenye volti moja hivi, tatizo ni koili za fildi, zile zisizozunguka. Ikikaa kwenye tano, ni amecha, ile sehemu inayozunguka. Ikiwa sifuri kabisa, usikate tamaa, hicho ndicho kipimo ninachokipenda, kwa sababu mara nyingi ni kaboni, vile vipande vinavyosugua ndani kuchukua umeme, zimekwisha au zimekwama. Zikikaribia robo inchi badilisha. Komyuteta, ile duara ya shaba inayosuguliwa na kaboni, isafishe kwa kitambaa chenye petroli kidogo, gari ikiwa baridi na sigara ikiwa mbali.

Ukiwa huko nyuma ya dainamo utaona kitundu kimeandikwa OIL. Ni cha bushi. Matone mawili matatu ya oili ya injini, basi. Kuna watu wanamimina kama wanaunga mchuzi, oili inaingia kwenye kaboni, halafu wanasema dainamo za Lucas, waliozitengeneza, ni mbovu.

Kuhusu zile volti 12.9 za fundi: sizikatai, ila amezipima katika betri yenye njaa. Volti 12.1 asubuhi ni betri iliyobakiwa na nusu tu. Betri ya hivyo inavuta umeme mwingi na inazishusha volti za kila anayeilisha. Ipeleke ichajiwe nje ya gari usiku kucha, ikae saa chache, upate 12.6 au zaidi, ndipo vipimo vyote nilivyokutajia vitakuwa na maana. Na pengine hilo ndilo lililoiua ile ya kwanza. Betri ikikaa nusu tupu wiki hadi wiki, sahani zake zinafanya ugumu mweupe na haipokei tena. Hukununua betri mbovu, ndugu yangu. Uliinyima.

Altaneta ya Suzuki inawezekana, na wapo waliofanya wakaridhika. Lakini si kazi ya kufungua boliti mbili na kukaza mbili. Altaneta hiyo inataka hasi kwenye bodi, na ukiiunga kwenye gari yako kama ilivyo sasa, daiodi zake zinaungua kabla hujafunga boneti. Itabidi betri igeuzwe, nyaya mbili ndogo za koili ya moto zibadilishane nafasi, kikasha kitolewe kwenye njia ya chaji, waya mnene zaidi upelekwe kwenye betri, na kibano na puli vilingane na mkanda wako. Fundi akikutajia yote hayo kabla hujamtajia wewe, ni fundi, mpe kazi. Akikwambia ni ya nusu saa, mshukuru umuage. Kwa maoni yangu, gari inayotoka Ijumaa na Jumapili haihitaji altaneta. Inahitaji kipande cha msasa wa mbao.

Ila hata ukimaliza yote, Mtoni inaweza kukurudia, na hapa lawama haiendi kwa fundi wala kwa dainamo, inakwenda kwa beni. Dainamo, tofauti na altaneta, injini ikiwa katika mwendo wa chini haitoi kitu. Hata ikiwa mpya kabisa, dainamo ya C40 kama inayofungwa kwenye Morris hizi inatoa amperi 22 kwa ukomo wake, na ukomo huo unaupata ukiwa njiani, si ukiwa nyuma ya tarumbeta. Piga hesabu. Taa kubwa mbili za wati 45 ni amperi saba na nusu. Taa ndogo za mbele na nyuma, mbili na nusu. Koili ya moto, tatu. Hizo kumi na tatu. Saa moja ya mwendo wa miguu imekula amperi-saa 13 kutoka kwenye betri ambayo ikiwa mpya na imejaa ina kama 45. Hapo sijahesabu honi, wala vitaa vya wapwa zako. Na wewe uliianza safari betri ikiwa nusu.

Kwa hiyo vitaa vya rangi vipewe betri yao ndogo pembeni, hata ile ya pikipiki, visiguse gari. Taa ndogo unaweza kuzitia bulbu za LED, ila mwambie muuzaji wazi kwamba gari yako bodi ni jumlisha, kwani nyengine hazikubali. Nyuma ya beni nenda gia ya kwanza, na ukisimama usiiache injini ilale, ishikilie kidogo na mafuta. Siku ya harusi asubuhi ipeleke betri ikajazwe, kama unavyopeleka kanzu kupigwa pasi.

Na jambo moja limenishangaza katika kisa chako: Morris ina hendeli. Tundu lake liko mbele, na chuma chenyewe nadhani kimo kwenye buti chini ya tairi la akiba, kama wapwa zako hawajakifanyia nondo. Siku ikizimika tena, zima taa zote kwanza ili chembe iliyobaki iende kwenye koili, weka gia huru, vuta breki ya mkono, ingiza hendeli, na dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushe ukakumbatia chuma, injini ikirudi nyuma linavunjika. Vuta kuja juu, usisukume kwenda chini. Mara mbili tatu itashika, na watu wa kanzu hawatahitaji kushuka.